Mchunguzi wa Habari Afundishwe Wapi?

Kila baada ya miaka miwili, au karibu na hapo, waandishi wa habari kutoka pembe zote za dunia hukusanyika mahali pamoja kufundishana ufundi wa kuchungua. Mkutano wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, mwaka 2001. Tangu siku hizo umezunguka Amsterdam, Toronto, Lillehammer, Geneva, Kyiv, Rio de Janeiro, Hamburg na Gothenburg. Na mwaka 2025 ukafika Kuala Lumpur, Malaysia. Katika bara letu umekaa mara moja tu, mjini Johannesburg, mwezi wa Novemba 2017. Humo watu hufundishwa kusoma hesabu za makampuni, kufuata nyayo za fedha zivukazo mipaka, kuchambua nyaraka elfu kwa elfu kwa msaada wa kompyuta, na kumlinda mtu aliyejitoa kusema jambo la siri.

Sisi twaisifu kazi hiyo. Fedha ukimgawia mwenzio hupungua mfukoni mwako. Ujuzi hauna tabia hiyo. Mwaka 2016, zilipotolewa zile habari za makampuni ya siri zilizoitwa Nyaraka za Panama, waandishi zaidi ya 300 wa nchi nyingi walikuwa wamezisoma nyaraka milioni 11 na nusu kwa muda wa miezi, kila mmoja akimwonyesha mwenzake alichokiona, wala hapana aliyemtangulia mwenzake kuchapa. Hilo si jambo dogo kwa watu wa kazi yetu, ambao kwa desturi hugombania habari kama kunguru wagombaniavyo dagaa.

Walakini tuna swali moja, nalo twaliuliza kwa niaba ya wasomaji wetu wa mashambani na viwandani. Ujuzi huo hufikaje Msimbu?

Msimbu ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Watu wake ni watu wa jembe kama walivyo wenzao wa wilaya nzima, wenye mihogo na mikorosho, na tanuri za mkaa pale mashamba yanaposhindwa kumlisha mtu. Mji wa Dar es Salaam umekwisha kupanuka ukapita Pugu, na ardhi ambayo babu zetu waliihesabu kuwa pori sasa ina bei, ina dalali na ina wanunuzi wanaokuja na magari siku za Jumapili. Kama kata nyingi za mashambani, Msimbu haina ofisi ya gazeti. Habari zake zikiandikwa, zitaandikwa na mwandishi mmoja wa wilaya, ambaye mara nyingi hana mkataba, hana mshahara wa mwezi, naye hulipwa kwa kila habari iliyochapwa. Habari ikikaa mezani kwa mhariri isichapwe, nauli aliyotoa imekwenda na maji.

Lakini ni katika wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe ambako jambo kubwa la kuchunguzwa lilitokea, tena mchana kweupe.

Katika miaka ya katikati ya 2000 dunia ilishikwa na homa ya mafuta ya mimea. Mafuta ya petroli yalikuwa ghali, na nchi za Ulaya zilikuwa zimeamua kwamba sehemu ya mafuta ya magari yao itoke mashambani. Mti uliosifiwa kupita yote ni mbono, ule ambao wazee wetu huupanda kuwa ua wa shamba na alama ya kaburi, na ambao wataalamu huuita jatrofa. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Sun Biofuels ikaja Kisarawe ikapata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Mibono ikapandwa na mamia ya watu wakaajiriwa. Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa fedha, huko Uingereza ikawekwa chini ya wafilisi, mali zake zikauzwa kwa wawekezaji wengine, na wafanyakazi wa Kisarawe wakarudishwa majumbani.

Wanavijiji walieleza kwamba waliahidiwa visima, shule na zahanati, na kwamba ahadi hizo zilitolewa kwa maneno katika mikutano. Wengine walilalamikia fidia. Mwezi wa Oktoba 2011 habari yao ikatoka katika The Observer, gazeti la London, na watu wa Uingereza wakaisoma siku ya Jumapili wakinywa chai.

Hatusemi kwamba magazeti ya hapa yalinyamaza. Yaliandika, na mashirika ya utetezi wa ardhi nayo yalifanya utafiti wao. Tunalosema ni kwamba mambo yaliyofaa kujulikana mwaka wa kwanza, wakati hati haijatiwa sahihi, yalikuja kujulikana vizuri baada ya kampuni kufilisika. Na hapa ndipo ufundi unapohusika, kwa maana karibu kila jambo lililotakiwa kujulikana lilikuwa limeandikwa katika karatasi mahali fulani.

Tuzitazame karatasi hizo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya kawaida, tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali, likitaja mahali, mipaka na sababu, na halmashauri ya kijiji ipelekewe nakala na kuueleza mkutano mkuu wa kijiji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano wa kijiji wenyewe ndio ukubalio au ukataao. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo yake na Waziri ndiye aamuaye. Tena ardhi haihamishwi mpaka fidia imekubaliwa: ni ya namna gani, ni kiasi gani, italipwa vipi na lini. Maana yake ni nini kwa mwandishi? Maana yake ni kwamba kila kijiji kati ya vile 11 kilipasa kuwa na kumbukumbu za mkutano zenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na maneno ya uamuzi. Mwandishi aliyefundishwa huanza na daftari hilo. Mwandishi asiyefundishwa huanza na mkutano wa waandishi wa habari hotelini, akapewa kabrasha zuri lenye picha za miche.

Liko jambo jingine ambalo wanavijiji wengi hawakulielewa mapema. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa, mwekezaji akishindwa hairudi yenyewe kijijini. Kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi katika nchi yetu ila kwa ajili ya uwekezaji, hati ilipitia katika Kituo cha Uwekezaji, kama kilivyoitwa wakati huo. Shamba laweza kubaki pori, mibono ikaota majani, na mwenye jembe bado akawa mvamizi katika shamba la babu yake. Mwandishi mmoja mwenye kuijua sheria hiyo angaliweza kuuliza swali hilo mkutanoni kabla ya watu kunyosha mikono. Swali moja tu.

Na huko Uingereza nako? Kampuni za nchi ile hupeleka hesabu zake kila mwaka katika daftari la serikali, na daftari hilo liko wazi kwa kila mtu. Zamani ilikuwa lazima kulipa ada. Tangu mwaka 2015 husomwa bure kwa intaneti. Mtu aliye Kisarawe mwenye simu ya mkononi na vocha ya siku moja anaweza leo kuona ni nani wakurugenzi wa kampuni ya London, ina deni gani, na kama mkaguzi wa hesabu ametia shaka juu ya uhai wake. Ufundi huu hauhitaji shahada. Wahitaji mtu mmoja akae na mwenzake siku mbili, amwonyeshe mahali pa kubonyeza na mstari wa kusoma.

Hapa tuseme neno juu ya lugha, nalo si la kupita njia. Vitabu vya ufundi huu viko vingi. Shirika la UNESCO lilitoa kimoja kizuri mwaka 2009, kilichotungwa na Mark Lee Hunter na wenzake, kinachofundisha kwamba mchunguzi aanze kwa kuweka dhana, yaani kusema waziwazi anadhani nini kimetokea, kisha aijaribu dhana hiyo kwa ushahidi, tayari kuitupa ikishindwa. Ni mafundisho yenye akili. Lakini mwandishi wa wilaya huhojiana na watu kwa Kiswahili, husoma kumbukumbu za kijiji zilizoandikwa kwa Kiswahili, na huandika katika gazeti la Kiswahili. Kisha tukitaka kumfundisha twamwita mjini asikilize Kiingereza siku tatu. Hata neno lenyewe lataka uangalifu. Ukimwambia mzee wa Msimbu kwamba wewe unafanya upelelezi, atanyamaza, maana mpelelezi ni mtu wa polisi. Mwambie unachungua, naye atakuketisha, kwa kuwa hata yeye huchungua mhogo kabla ya kuung'oa. Wenzetu wa Kenya walilijua hilo zamani: kipindi cha Jicho Pevu cha televisheni ya KTN kilichungua mambo makubwa kwa Kiswahili, na waliokitazama hawakuwa wasomi peke yao.

Si kwamba Afrika Mashariki ni mgeni katika kufundishana. Katika miaka ya 1963 hadi 1968 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti iliendesha mafunzo mjini Nairobi, na mamia ya waandishi wa nchi changa za Afrika wakapita humo. Mmoja wa wakuu wake alikuwa Tom Hopkinson, aliyekuwa mhariri wa Picture Post ya London na baadaye wa Drum huko Afrika Kusini. Mafunzo yalichukua miezi sita, wala si siku tatu. Hapa kwetu wamisionari wa Kikatoliki walianzisha mafunzo Nyegezi, karibu na Mwanza, ambayo baadaye yalikua mpaka yakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Na mwaka 1975 Serikali ikafungua Chuo cha Uandishi wa Habari Dar es Salaam, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo hivi vimetupa waandishi wengi wa kusifiwa. Kuchungua, hata hivyo, hakukuwa sehemu kubwa ya masomo ya zamani hizo. Waliofundishwa walitakiwa zaidi kueleza habari kwa usahihi na kuwahi saa ya kuchapa.

Aliyechungua alijifundisha mwenyewe. Ndugu zetu wafanyakazi wana haki ya kujivunia mmoja wao. Mwaka 1993 Stan Katabalo, mwandishi wa gazeti la Mfanyakazi lililokuwa la chama cha wafanyakazi, aliandika mfululizo wa habari juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo, jinsi kilivyopewa afisa wa jeshi wa Falme za Kiarabu mwaka uliotangulia. Habari hizo zilizungumzwa nchi nzima, na jambo la Loliondo halijaisha kuzungumzwa hata leo. Katabalo alifariki mwaka huo huo wa 1993. Alikuwa na kalamu, miguu na ukaidi. Hakuwa na mwalimu wala mfuko wa fedha nyuma yake.

Sasa twafika katika jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Mkutano ule wa Johannesburg, wa kwanza katika Afrika, ulifungwa tarehe 19 Novemba 2017. Waandishi zaidi ya 1,000 walikuwa wamehudhuria. Siku mbili baadaye, tarehe 21 Novemba, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, alitoweka. Kibiti iko Mkoa wa Pwani, mkoa mmoja na Msimbu. Gwanda alikuwa ameandika juu ya mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambayo katika miaka hiyo yaliwaangamiza askari polisi na viongozi wa vijiji na vitongoji, wakiwamo viongozi wa Chama cha Mapinduzi. Yaani wale ambao habari zao alikuwa akizikusanya walikuwa wanachama wenzetu. Hajaonekana tangu siku hiyo.

Tukiziweka tarehe hizo mbili pamoja, ndipo tunapoona upungufu wa mafunzo yote ya dunia. Ujuzi umejaa katika majumba ya mikutano, na hatari imekaa peke yake wilayani. Mwandishi wa shirika kubwa akitishwa ana pa kukimbilia. Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, mwaka 2008 alijifanya mtafuta utajiri akaenda kwa waganga ili kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Vitisho vilimfuata mpaka akalazimika kujificha na kutoka nchini kwa muda. Lakini alikuwa na shirika nyuma yake, na dunia ilimjua, hata akapewa nishani ya ujasiri ya wanawake waandishi wa kimataifa mwaka 2010. Mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja hana shirika. Mara nyingine hata kitambulisho cha gazeti hana.

Wenzetu wa mbali walilijibu jambo hili kwa namna ambayo twapenda iigwe. Mwaka 1976 Don Bolles, mwandishi wa Arizona huko Marekani, aliuawa kwa bomu lililotegwa chini ya gari lake. Chama cha waandishi wachunguzi kilikuwa kimeanzishwa mwaka mmoja tu uliopita. Basi waandishi zaidi ya 30 wa magazeti mbalimbali wakaenda Arizona, wakaichungua rushwa na ujambazi wa jimbo lile, na mwaka 1977 wakazichapa habari zao katika magazeti mengi. Shabaha yao ilikuwa kumwonyesha muuaji kwamba kumwua mwandishi mmoja kutamletea thelathini. Jirani zetu wa Msumbiji nao walimpoteza Carlos Cardoso, aliyepigwa risasi Maputo mwezi wa Novemba 2000 akichungua wizi wa mamilioni ya dola katika benki. Gazeti lake, Metical, lilikuwa dogo, likipelekwa kwa wasomaji kwa faksi. Kila mwaka katika mkutano wa waandishi wachunguzi wa Afrika mjini Johannesburg hutolewa hotuba kwa jina lake. Hotuba ni heshima. Kuimaliza kazi ya marehemu ni heshima kubwa zaidi.

Tunajua wapo wanachama watakaosema: mhariri wa gazeti la Chama ana kazi gani na uchunguzi? Je, huko si kuwafungulia mlango watu wa kutuchafua? Twawajibu kwamba mtu anayechafuliwa na kumbukumbu za mkutano wa kijiji amejichafua mwenyewe kabla ya mwandishi kufika. Ahadi za mwanachama tangu siku za TANU zimeutaja ukweli na zimekitaja cheo, na hapana mahali zinaposema kwamba hesabu za kata zisisomwe. Mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti yake kila mwaka, na sehemu nzima ya ripoti hiyo ni ya serikali za mitaa, halmashauri kwa halmashauri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 30. Milango hii ilifunguliwa na sheria za nchi, wala haikuvunjwa na waandishi. Jambo la aibu ni kwamba wachache sana wanaipita.

Nasi wa magazeti tusijisafishe. Wengi wetu tumepata kuona mafunzo yaliyokwisha kuwa biashara: ukumbi wenye kiyoyozi, chai ya saa nne, cheti chenye muhuri, na posho ya kusaini jioni. Wapo wenye vyeti vya uchunguzi ukuta mzima ambao hawajachungua hata bei ya sukari. Wapo pia makanjanja wanaolitumia jina la uchunguzi kumtisha mtu ili awape bahasha. Hawa wawili, mwenye cheti bila kazi na mwenye vitisho bila cheti, wanamharibia yule wa tatu anayetaka kweli kujifunza.

Dawa yake twaijua kwa kuwa imekwisha kujaribiwa. Ulipoanzishwa Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa mwandishi mmoja mmoja, ili apate nauli ya kwenda mashambani na mlezi wa kumwongoza katika habari yake. Mtindo huo wa kuwa na habari mkononi na fundi mzoefu pembeni wafundisha kuliko semina kumi, sawa na useremala unavyofundishwa kwa randa na mbao.

Kwa hiyo tungependa kuona mafunzo ya namna hii Kisarawe. Wachukuliwe waandishi sita au wanane wa wilaya za Pwani, wakae katika ofisi ya kata ya Msimbu au ya jirani yake, na wachague jambo moja lililo hai: vibali vya mkaa, mauzo ya mashamba kwa watu wa mjini, au ushuru wa kijiji. Walimu wao wawe mtendaji wa kijiji aijuaye kazi yake, karani wa ardhi aliyestaafu, mhasibu wa chama cha ushirika, na mwandishi mmoja aliyebobea kutoka Nairobi au Maputo au Johannesburg, ambaye naye atajifunza kwao jinsi ya kusoma daftari la mkutano wa kijiji. Wakae mpaka habari iishe, hata ikichukua miezi mitatu. Ikiisha, ichapwe siku moja katika magazeti yote yatakayokubali, letu likiwamo, yakiwa na majina ya waandishi wote, ili asiwepo mmoja wa kunyoshewa kidole peke yake. Na kila gazeti linalopokea habari za mwandishi wa wilaya limpe mkataba, kitambulisho, bima, na namba ya simu ya mhariri atakayepokea hata usiku wa manane.

Gharama yake si kubwa. Mkufunzi ashukaye asubuhi katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere amekwisha kuwa juu ya barabara ya Pugu iendayo Kisarawe. Hana haja hata ya kuingia mjini.